KWA NINI MICHE YETU HUFA KABLA YA KUWA MITI?

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili mke wangu alirudi kutoka kitaluni, akatua kopo la kumwagilia mlangoni, akaniita, "Baba Watoto, njoo utazame. Miche imelala."

Nilidhani ni kuku. Hapa kwetu Endasak kuku ndiye mshitakiwa wa kwanza wa kila jambo la bustanini, na mara nyingi kesi humshinda. Lakini nilipofika sikuona nyayo wala mchanga uliochakurwa. Katikati ya tuta palikuwa na mahali penye upana wa ungo, na miche yote ya mahali pale ilikuwa imeanguka chini kana kwamba mtu amepita na wembe. Majani yake yalikuwa bado mabichi. Niliung'oa mmoja. Shingo yake, pale inapogusa udongo, ilikuwa nyembamba kama uzi, nyeusi, imelowa. Siku ya pili ungo mmoja ulikuwa mbili. Hata ilipofika Jumapili, katika tuta lile tulilolihesabu kuwa paa la nyumba yetu ya baadaye, imebaki miche ya pembeni tu.

Miche ile ilikuwa ya msaipresi, ambao wengi wetu huuita mti wa Krismasi. Tulipanda mbegu mwezi wa Machi ili Desemba, mvua zikianza, tuipeleke shambani. Mzazi yeyote anajua hesabu yake: miaka michache, fito, miaka mingine zaidi, nguzo, halafu mbao. Nasi tulikuwa na mtoto wa mwisho aliyekuwa darasa la kwanza, tukasema miti hii itakua pamoja naye na kumlipia masomo. Basi utaona kwamba hatukupoteza majani tu.

Bwana misitu alipopita kwa pikipiki tulimsimamisha. Hakutugombeza. Alichomeka kidole ndani ya udongo, akakitoa kimejaa tope, akacheka. "Mzee," akasema, "hapa mmeinywesha miche kama mnavyonywesha ng'ombe."

UGONJWA WA KITALUNI

Ugonjwa ule huitwa kinyausi. Huletwa na ukungu mdogo sana ukaao udongoni, usioonekana kwa macho. Na si wa namna moja, ni ndugu kadhaa wenye tabia moja. Katika udongo mkavu kiasi, wenye hewa, hulala usingizi tu. Lakini ukiupa maji mengi, kivuli kizito, mbolea ya zizini ambayo haijaoza sawasawa, na miche iliyosongamana kama abiria wa basi la mnadani, huamka na kula shingo za miche michanga. Wakati mwingine huila mbegu ndani ya udongo hata kabla haijachipua, na mkulima husema ameuziwa mbegu mbovu.

Nasi tulikuwa tumefanya makosa yote manne. Mbolea tuliitoa zizini mwezi huo huo. Mbegu tulizimwaga kwa kiganja, maana tulisema zilizo nyingi ndizo zitakazobaki nyingi. Chanja ya nyasi tuliiweka chini sana. Tena mvua ilikuwa inanyesha usiku, nasi asubuhi tukamwagilia, kwa kuwa mtoto alikuwa ameambiwa kazi yake ni kumwagilia, naye ni mtoto mtiifu.

Dawa ya kinyausi, kusema kweli, ni kazi ya kabla ya kupanda. Udongo wa tuta la mbegu uwe mwepesi: changanya mchanga wa mtoni ulioufua kwa maji mpaka yatoke safi. Chemsha maji mapipa mawili matatu na kuumwagia udongo huo yakiwa yanatokota, kisha uache siku kadhaa upoe na kupumua. Mbolea, kama ni lazima, iwe imeoza mpaka hainuki tena. Nasi tumeona tuta la mbegu halihitaji mbolea kabisa, maana mbegu imebeba chakula chake cha siku za kwanza. Panda mbegu kwa nafasi. Mwagilia asubuhi, kidogo, kwa kopo lenye matundu madogo, ili jioni uso wa udongo uwe umekauka. Chanja iinuliwe hata upepo upite chini yake, na kadiri miche inavyopata nguvu punguza nyasi zake.

Ukiona mahali pamelala, usingoje. Toa miche yote ya hapo pamoja na udongo wake na ile inayopakana nayo, ukaitupe mbali, wala si juu ya lundo la mboji. Acha kumwagilia. Nyunyiza mchanga mkavu. Zipo dawa za ukungu zenye shaba ambazo huweza kuuzuia ugonjwa usienee, lakini hazifufui mche uliolala. Na anayezitumia asome karatasi, avae mifuko mikononi, wala asichanganyie ndani ya sufuria ya nyumbani. Mche ukifikisha majani yake mawili matatu ya kweli, uhamishie kwenye kiriba. Ushike kwa jani, si kwa shingo. Jani likivunjika litaota jingine. Shingo ikibonyezwa umefungua mlango.

Wapo waliotushauri tupande mwaka uliofuata katika tuta lile lile, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kulimwa vizuri. Hatukukubali. Pale sasa pana mchicha.

UDONGO WA KIGENI

Hapa nina jambo la kushangaza kidogo. Ukungu wote si adui. Msindano, yaani paini, hauwezi kukua vizuri bila ukungu fulani unaoishi kwenye mizizi yake, ukiisaidia kuvuta chakula, nao mti ukiulipa kwa sukari. Misindano ilipoletwa Afrika mara ya kwanza, mahali pengi miche ilikuwa ya njano, imedumaa, ikafa. Watu wakasema nchi imeikataa. Kumbe ilikuwa imesafiri bila rafiki yake. Palipoletwa udongo kutoka chini ya misindano mikubwa na kuchanganywa katika vitalu, miche ikageuka kuwa kijani.

Kwa hiyo atakaye kuotesha misindano Hanang aombe kikapu cha udongo chini ya misindano mizee iliyo na afya, achanganye konzi chache kwenye udongo wa viriba. Lakini asichukue udongo wa kitalu cha mtu mwingine, hata akipewa bure, maana rafiki na adui husafiri katika kikapu kimoja.

MISINDANO YA MWAKA 1957

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya wakulima wadogo tu wasio na elimu ya miti. Serikali nzima zimekwisha kupigwa na magonjwa ya miti michanga, tena hapa hapa Afrika ya Mashariki.

Baada ya vita kuu ya pili, idara za misitu za Kenya na Tanganyika zilitaka mbao kwa haraka. Waliupenda msindano mmoja unaotoka pwani ya California, Marekani, uitwao Pinus radiata. Ulikua kwa mbio na mbao zake ni nzuri. Wakaupanda kwa maelfu ya ekari milimani. Mwaka 1957 ugonjwa ukaonekana Tanganyika, na mwaka 1960 Kenya. Sindano za miti michanga zilipata vidoa na mikanda myekundu kama kutu, zikafa kuanzia nchani, zikaanguka. Ugonjwa ulianzia matawi ya chini na kupanda juu, mpaka mti ukabaki na shungi la majani kileleni kama ufagio uliosimamishwa. Mingine ilidumaa, mingine ilikufa. Wataalamu huuita ugonjwa huo Dothistroma. Ni ukungu pia, nao husafiri kwa matone ya mvua na ukungu wa asubuhi. Na milima yetu ina vyote viwili kwa wingi.

Mtaalamu Gibson, aliyekuwa akichunguza magonjwa ya miti Kenya wakati ule, na wenzake waliuandika ugonjwa huu kwa makini. Iligunduliwa kwamba mti ukiweza kufika miaka kama kumi na mitano huwa umeokoka, maana radiata mzee haushikwi kirahisi. Taabu yote ni utotoni. Walijaribu kunyunyiza dawa ya shaba, nayo ilifaa, ila gharama ilikuwa kubwa kuliko faida. New Zealand, ambako ugonjwa ulionekana mwaka 1964, walinyunyiza kwa ndege, na mpaka leo wanaupanda mti huo. Kwetu uamuzi ulikuwa mwingine: kuanzia miaka ya mwanzo ya 1960 waliacha kuupanda, wakachukua msindano wa Meksiko uitwao Pinus patula, ambao haushikwi sana na ugonjwa ule. Ndiyo maana atembeaye leo Sao Hill kule Mufindi huona patula kila upande.

Nionavyo mimi, uamuzi wao ulikuwa wa hekima. Mtu mwenye shamba la nusu ekari hana ndege ya kunyunyizia. Kwake dawa ya kwanza ni kuchagua mti usioshikwa.

MSAIPRESI NA MAJARIBU YAKE MAWILI

Msaipresi nao una habari yake, na kwa kuwa ndio unaozunguka nyumba zetu, makanisa yetu na viwanja vya shule, nitakaa hapa kidogo.

Zamani aina iliyopandwa sana ilikuwa macrocarpa, nao pia ulitoka California. Katika miaka ya 1940 ulipatwa Kenya na ugonjwa wa donda la gome. Ukungu huingia kwenye kidonda, kwa mfano tawi lililokatwa vibaya au kuvunjwa na upepo; gome hubonyea na kupasuka, utomvu hutoka kama machozi, na sehemu ya juu hukauka donda likiuzunguka mti. Ikabidi macrocarpa uachwe, na mahali pake ukawekwa lusitanica. Jina hilo maana yake ni "wa Ureno", lakini si mti wa Ureno hata kidogo. Kwao ni Meksiko na nchi jirani, ila ulikuwa umekwisha kupandwa Ureno wakati wataalamu wa Ulaya walipoupa jina. Huu unavumilia donda kuliko macrocarpa, ingawa hauna kinga kamili.

Basi mtu akipogoa misaipresi michanga na afanye kazi hiyo kiangazi, wakati mvua hainyeshi, kwa msumeno mkali, wala si kwa panga. Nimeona watu wakikata matawi ya mti mgonjwa, kisha kwa panga lile lile, bila hata kulipangusa, wanaingia kwenye miti mizima. Matawi yenye donda yachomwe. Usiyafanye uzio wa bustani.

Jaribu la pili lilikuja kwa mdudu. Huyu ni kidukari, wa ukoo wa wale vidukari tunaowaona kwenye maharagwe, ila mkubwa zaidi, wa rangi ya kahawia, naye hukaa juu ya vijiti vya msaipresi kwa makundi. Asili yake ni nchi za kuanzia upande wa Ugiriki hadi karibu na Bahari ya Kaspi. Mwaka 1986 alionekana Malawi. Mwaka 1988 alikuwa Tanzania. Mwaka 1990 alikuwa Kenya. Hana haraka kama nzige, lakini alivuka mipaka bila kuulizwa hati. Hufyonza maji ya mti na kuuachia mate yenye sumu. Matawi hugeuka rangi ya kahawia kuanzia ndani kwenda nje, na juu ya majani hutokea masizi meusi, kwa sababu mdudu hutoa utamu na ukungu mweusi huota juu yake. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka katika msaipresi wako, inama utazame. Wamefuata utamu huo. Kiangazi ndipo mti huumia zaidi, maana una kiu na bado ananyonywa.

Wazee wanaokumbuka mwisho wa miaka ya 1980 watasema jinsi ua zima la kanisa au la shule lilivyoweza kuwa jekundu kwa msimu mmoja, kana kwamba limepitiwa na moto. Hata mtarakwa, mti wetu wenyewe wa milimani, haukusalimika, kwa kuwa ni wa ukoo mmoja na msaipresi.

Wataalamu walitafuta adui wa mdudu huyo, wakampata nyigu mdogo sana Ulaya. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya kidukari. Kijana wake humla kidukari kutoka ndani, akaacha ganda kavu limevimba. Waliachiliwa Malawi mwaka 1994, na baadaye Kenya na nchi nyingine. Vidukari hawakwisha, lakini mahali pengi makali yao yamepungua. Kwa miche michache ya nyumbani, maji yenye sabuni yaliyonyunyizwa mpaka yawafikie wadudu wenyewe hufaa. Usikimbilie sumu kali ya pamba. Itawaua pia wadudu wanaokusaidia, na vidukari hurudi upesi kuliko wao.

TULIVYOCHOMA MIKARATUSI

Sasa nitaeleza jambo ambalo lilitutia aibu, na mke wangu ameniruhusu nilieleze.

Tulipokosa misaipresi mwaka ule, nilinunua miche mia mbili ya mikaratusi kwa mchuuzi aliyekuja na gari siku ya mnada. Ilitoka mbali, nchi ya joto ya tambarare. Bei ilikuwa ndogo, nami nilifurahi kama mtu aliyeokota. Nyumbani mke wangu aliigeuza majani moja moja, kwa kuwa yeye alikuwa amekwisha kuumwa na nyoka yule wa kwanza. Katika mshipa wa kati wa jani na kikonyo chake palikuwa na vinundu, kama vipele, vingine vya kijani, vingine vimeanza kuwa vyekundu. Machipukizi yalikuwa yamejikunja. Mimi nilisema ni joto la safari.

Haikuwa joto. Ni kazi ya nyigu mwingine, mweusi, urefu wake ni zaidi kidogo ya milimita moja. Kwao ni Australia, kama mkaratusi wenyewe. Alitambuliwa nje ya kwao mwaka 2000, katika nchi za Mashariki ya Kati. Mwaka 2002 alikuwa magharibi ya Kenya na Uganda, na mwaka 2005 Tanzania. Hutaga mayai ndani ya jani na kijiti laini, na mti huvimba kuwafanyia watoto wake nyumba. Hahitaji hata dume ili azae. Karibu wote ni majike. Mkaratusi mkubwa humvumilia, lakini mche na chipukizi la kisiki hudumaa na kupinda, na ukishambuliwa sana hufa. Hupenda zaidi nchi za chini zenye joto, na aina fulani za mikaratusi kuliko nyingine, ndiyo maana huku kwenye baridi ya Hanang hatujasumbuliwa kama wenzetu. Lakini je, ni busara mtu kumleta kwa nauli yake mwenyewe?

Jioni ile jirani yangu alikuja. Alikuwa amesikia nina miche, akataka hamsini, na fedha ameshika mkononi. Nakiri kwamba nilinyamaza. Nilikuwa nahesabu: hamsini ingerudisha robo ya hasara, naye hakuwa ameona vinundu, na giza lilikuwa linaingia. Mke wangu akatoka na kibatari, akamwinulia jani moja mbele ya macho yake, akasema, "Shemeji, tazama kwanza."

Asubuhi tuliikusanya yote mia mbili tukaichoma nyuma ya zizi. Mikaratusi mibichi hutoa moshi mwingi, na kijiji chote kikauliza kuna nini. Tukaeleza. Katika wiki ile wawili wengine waliokuwa wamenunua kwa gari lile lile walichoma yao. Mmoja alikataa, na hiyo ni miche yake. Tunaiangalia kwa mbali.

Tangu siku ile sinunui mche bila kuugeuza jani, kuinusa mizizi yake na kumwuliza muuzaji mbegu imetoka wapi. Asiyeweza kujibu hilo la tatu, namwacha na miche yake. (Na juu ya mikaratusi, niseme tena lile ambalo bwana misitu husema kila mwaka na watu kusahau: usiipande karibu na chemchemi wala kando ya kijito. Inakunywa kuliko sisi.)

HUKO ULAYA NAKO

Kuna mti Ulaya uitwao ash. Ni mti wa kale wa mashamba yao. Mbao zake ngumu zisizokatika upesi hutengenezewa mipini ya mashoka na majembe. Ni wa ukoo wa mzeituni, basi ni kama binamu wa mzeituni mwitu na loliondo wa misitu yetu ya milimani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 miti hiyo ilianza kukauka Poland. Machipukizi yalinyauka, gome likafanya madonda yenye umbo la almasi, na vilele vikakauka. Miti mikubwa hujivuta miaka mingi. Michanga hufa upesi. Mwaka 2006 ndipo ukungu unaoleta ugonjwa huo ulipotambuliwa. Ulitoka Asia ya Mashariki, ambako miti ya huko imeuzoea tangu zamani wala hauiui.

Sasa angalia ulivyoingia Uingereza. Mwaka 2012 ulikutwa katika kitalu, kwenye miche iliyonunuliwa Uholanzi. Uingereza ni kisiwa chenye maofisa na maabara, na nchini mwao miti ya ash inaota yenyewe bila kupandwa. Hata hivyo walikuwa wananunua miche yake ng'ambo, kwa meli. Mwezi wa Oktoba mwaka huo serikali yao ilipiga marufuku kuiingiza, lakini upepo pia ulikuwa unavusha mbegu za ukungu kutoka bara. Tangu hapo wanatafuta miti michache iliyosimama na afya katikati ya iliyokufa, wanachukua mbegu zake na vikonyo vyake, ili wapate kizazi kinachovumilia.

Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka yule mchuuzi wa mnada, nikaona kwamba hata wakubwa hununua gari lile lile.

MLIMA ULIO JUU YETU

Mtu wa Hanang hawezi kuzungumza habari za miti bila kuutazama mlima. Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikashuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya themanini, na wengine wengi wakapoteza nyumba na mashamba. Sisemi kwamba miti ingelizuia tope lile. Mlima uliojaa maji na kumeguka una nguvu zake, na wenye elimu ya miamba ndio wa kulieleza. Lakini tangu siku ile watu wengi zaidi wananiuliza habari za miche. Wanataka kupanda kwenye miteremko, kwenye makorongo, kando ya mashamba. Nafurahi, na pia naogopa kidogo, maana watu wenye haraka ndio wanunuzi wa magari ya mnada.

Tena sipendi kuona kila mtu akipanda mti mmoja tu. Mteremko mzima wa msaipresi ni meza iliyoandaliwa kwa kidukari. Akifika mmoja, wote wamefika. Kuna mringaringa, ambao mbao zake zinatafutwa na ambao ng'ombe hupenda kivuli chake. Kuna mzeituni mwitu, unaokua polepole lakini mpini wake humzika mwenye jembe. Kuna mtarakwa. Ukichanganya hiyo na mistari ya msaipresi na mgrivea, ugonjwa ukija utakuta milango mingine imefungwa. Mbegu za miti ya asili waweza kuziokota mwenyewe, chini ya mti ulionyooka, wenye afya, tena uchukue kwa miti mingi wala si mmoja, ili watoto wasiwe wote wa mama mmoja.

Sisi wenyewe tulianza tena mwezi wa Machi uliofuata. Tulichemsha maji, tukafua mchanga, mtoto akafundishwa kuchomeka kidole udongoni kabla ya kushika kopo. Kati ya viriba mia tatu vilivyojazwa, tulipeleka shambani miche mia mbili na sitini, nusu misaipresi na nusu miringaringa na migrivea. Mingine ililiwa na mchwa mwezi wa Agosti, na mbuzi wa jirani aliyechoma mikaratusi yake alikula sita, nasi hatukumdai. Misaipresi miwili imeanza kukauka ncha. Jana mke wangu aliifunga utambi mwekundu ili tusiisahau, na kesho, umande ukikauka, tutapanda na kibatari na kioo cha kusomea tukatazame kama ni donda au ni kidukari.